Dawa ya tyubu kwenye kidonda: inafanya nini, na inaishia wapi

Mashamba ya Kifungilo yako kwenye miteremko, na anayelima mteremko husimama mguu mmoja juu na mwingine chini. Jembe likigonga jiwe huruka, na mara nyingi linapotua hukuta kidole au ugoko. Ongeza hapo mundu wa kukatia majani ya ng'ombe, panga la kuni, na watoto wanaosogelea mafiga wakati wa baridi ya Juni na Julai, utaelewa kwa nini nyumba nyingi za Lushoto zina tyubu ndogo ya dawa iliyokunjwa nusu, imechomekwa juu ya dirisha au kwenye kikombe cha miswaki.

Tyubu hiyo husaidia kweli, lakini eneo lake la kazi ni dogo kuliko wengi wetu tunavyodhani. Anayelijua eneo hilo hupona mapema na hatupi pesa. Asiyelijua hupaka siku kumi huku usaha unatafuta njia chini kwa chini, halafu anafika hospitali mguu umeshavimba hadi gotini. Ndiyo maana tumeona tueleze dawa hii inafanya kazi namna gani tangu inapogusa ngozi. Ukishaelewa hilo, maswali mengi mnayotuuliza, likiwemo lile la "nimepaka siku tatu, mbona bado?", yanajijibu yenyewe.

Nani anaingia ngozi ikipasuka

Ngozi nzima ni ukuta mzuri. Juu yake wanaishi bakteria wengi sana na hawatudhuru. Shida huanza ukuta unapopasuka. Bakteria wanaosumbua zaidi vidonda vya ngozi ni wa jamii mbili: stafilokoka na streptokoka. Hawa hawatoki mbali. Karibu watu 3 kati ya 10 wana stafilokoka puani, wakiwa wazima kabisa, hawaumwi chochote. Ukipenga kamasi kisha ukashika kidonda cha mtoto bila kunawa, umewahamisha.

Kidonda kipya kikivimba kidogo, kikawa na joto na kuuma kwa siku mbili za kwanza, si lazima yawe maambukizi. Ni mwili unapeleka damu na askari wake mahali palipoumia. Majimaji mepesi yasiyo na harufu nayo ni ya kawaida. Wasiwasi uanze pale maumivu yanapoongezeka baada ya siku ya pili au ya tatu badala ya kupungua, uvimbe unapopanuka, usaha mzito unapotoka au kidonda kinapoanza kunuka. Maelezo mengi ya kitabibu hutaja wekundu, lakini kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Tazama ngozi iliyovimba mpaka inang'aa, au iliyokoza rangi na kuelekea zambarau kuliko upande wa pili. Kisha weka mgongo wa mkono wako juu yake: palipo na maambukizi huwa na moto kuliko sehemu ileile ya mguu mwingine.

Watoto wana ugonjwa wao wa ngozi ambao ndio hasa dawa ya tyubu ilitengenezewa. Huanza kama malengelenge madogo karibu na pua au mdomo, yanapasuka, yanatoa maji, halafu yanakauka na kuacha maganda ya rangi ya asali. Wataalamu huuita impetigo. Unaambukiza kwa urahisi mno. Mahali popote wanapolala watoto wengi pamoja, yakiwemo mabweni ya shule kama yaliyopo Kifungilo, husafiri kwa taulo, shuka na kucha. Hauui, lakini usiuchukulie kama uchafu tu wa mtoto. Kama chanzo ni streptokoka wa aina fulani, wiki mbili tatu baadaye mtoto anaweza kupata tatizo la figo: anaamka uso na macho yamevimba, na mkojo unakuwa na rangi kama ya soda nyeusi au chai ya rangi. Ukiona hivyo, hata kama vidonda vimeshapona, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Fundi asiyeletewa tofali

Dawa za kupaka zenye antibaotiki ziko nyingi. Tuchukue moja tuielewe vizuri, nayo ni mupirosini. Kwenye tyubu utaona imeandikwa Mupirocin, na mara nyingi 2% pembeni. Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Asili yake ni bakteria wengine. Kuna bakteria anayeishi kwenye udongo, majini na kandokando ya mizizi ya mimea. Wanasayansi humwita Pseudomonas fluorescens. Udongo una wakazi wengi wanaogombea chakula, na huyu hujitetea kwa kutoa sumu inayowazuia majirani zake kukua. Mwaka 1971 watafiti wa Uingereza walichapisha taarifa za sumu hiyo, na mwaka 1985 ikaanza kutumika nchini humo kama dawa ya kupaka.

Inavyofanya kazi ni hivi. Bakteria ili aishi na azaliane lazima ajenge protini, bila kupumzika. Protini hujengwa kama ukuta, ila matofali yake ni ya aina 20, na mpangilio haubadilishwi: aina hii, kisha ile, kisha ile nyingine, kama ramani inavyosema. Kila aina ya tofali ina saidia fundi wake wa kulibeba, na kila saidia fundi ana mpakiaji wake anayemtwisha. Aina moja ya matofali hayo inaitwa isolusini. Sasa mupirosini, kwa upande mmoja, ina umbo linalofanana na isolusini. Ikiingia ndani ya bakteria inakwenda moja kwa moja mikononi mwa mpakiaji wa isolusini na kung'ang'ania hapo. Mpakiaji mikono imejaa. Saidia fundi anasimama, hapewi kitu. Fundi aliyeko juu ya ukuta akifika mahali panapotakiwa isolusini hana cha kuweka, na haruhusiwi kuruka nafasi. Ujenzi wote unasimama.

Sisi binadamu nasi tuna mpakiaji wa kazi hiyohiyo ndani ya chembe hai za miili yetu. Bahati nzuri umbo lake ni tofauti, na mupirosini haimshiki vizuri. Hapo ndipo antibaotiki inapotofautiana na spiriti au ayodini. Spiriti haichagui: inaua bakteria na inaunguza pia nyama changa inayoota, ndiyo maana inawasha vile. Tunawaomba msiimimine ndani ya kidonda. Kazi yake ni kusafisha ngozi nzima, kwa mfano kabla ya sindano.

Sasa turudi kwenye lile swali la siku tatu. Kumsimamisha fundi si kubomoa nyumba. Bakteria aliyefikiwa na mupirosini huacha kwanza kuzaliana, halafu hufa taratibu, kwa muda wa siku nzima au siku na nusu hivi. Katika muda huo dawa lazima iwepo pale pale, kwa nguvu ileile. Ukipaka asubuhi, ukaenda shamba, suruali ikaifuta, ukakumbuka tena kesho yake jioni, mpakiaji ameshaachiwa mikono na ujenzi umeendelea. Kwa hiyo hupakwa kidogo, mara 3 kwa siku, na hufunikwa ikiwa kuna kitu kitakachoifuta. Kwa kawaida haitumiki zaidi ya siku 10. Ikifika siku ya tatu hadi ya tano bila nafuu yoyote, kuongeza unene wa dawa hakusaidii. Rudi kwa mtaalamu, maana huenda aliyemo kidondani siye, au yuko chini zaidi ya dawa inapofika.

Hili la kufika ndilo kubwa. Mupirosini haipenyi ngozi nzima ila kwa kiasi kidogo sana. Na ile kidogo inayoingia kwenye damu, mwili huivunja upesi ikawa kitu kisicho na nguvu, ikatoka kwa mkojo. Ndiyo sababu hakuna kidonge cha mupirosini: ingekufa njiani. Kwa kidonda cha juujuu hiyo ni faida, kwa sababu dawa inabaki ilipopakwa bila kusumbua mwili mzima. Kwa jipu ni hasara. Jipu ni mfuko wa usaha uliozungukwa na ukuta, na dawa iliyopakwa juu yake ni kama maji yaliyomwagwa juu ya bati yakitegemewa kujaza pipa lililo ndani ya nyumba. Jipu kubwa linataka kufunguliwa na mtaalamu, kwa kifaa kisafi, usaha utoke. Msilikamue, hasa lililo usoni karibu na pua na midomo, kwa sababu mishipa ya damu ya hapo ina njia ya kuelekea ndani ya kichwa.

Hata maganda ya impetigo ni kizuizi. Bakteria wako chini ya ganda. Lilowanishe kwa kitambaa safi chenye maji ya vuguvugu na sabuni mpaka lilainike, litoe taratibu, kausha, ndipo upake.

Kabla ya tyubu kuna maji

Kama tungeruhusiwa kuchagua kitu kimoja tu, tyubu au ndoo ya maji safi, kwa jeraha jipya la shamba tungechagua ndoo bila kufikiri mara mbili. Dawa inapambana na bakteria waliopo. Maji yanawaondoa wao, udongo, nyuzi za nguo na vipande vya majani walimojificha. Hakuna antibaotiki inayoyeyusha udongo.

Kama damu inatoka, bana kwanza kwa kitambaa safi, bila kuchungulia kila dakika. Ikishatulia, mimina maji mengi yanayotiririka kwa dakika 5 hadi 10. Maji unayoweza kuyanywa yanafaa kuoshea kidonda. Kama ya mtoni au ya kisima si ya kuaminika, yachemshe na uyaache yapoe. Sabuni itumie pembezoni. Majivu, unga wa betri, kahawa, kinyesi cha ng'ombe na mate havina kazi pale. Hivyo ndivyo vinavyogeuza jeraha la siku tano kuwa kidonda cha mwezi.

Baada ya kuosha, je, kila jeraha lipakwe antibaotiki? Hapana. Mwaka 1996 madaktari wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa zaidi ya 900 waliofanyiwa upasuaji mdogo wa ngozi. Nusu walipaka dawa ya tyubu yenye antibaotiki, nusu wakapaka mafuta ya mgando meupe yasiyo na dawa. Waliopata maambukizi walikuwa wachache sana pande zote mbili, bila tofauti ya maana. Yalikuwa majeraha safi ya hospitali, si ya jembe, na hatusemi ni kitu kimoja. Lakini inaonyesha kwamba jeraha dogo likishakuwa safi kweli, sehemu kubwa ya nafuu inatokana na kufunikwa lisikauke.

Hapo tunagusa imani yenye mizizi: "kiache kipate upepo." Mwaka 1962 mtafiti George Winter wa Uingereza alilinganisha majeraha ya nguruwe, mengine yameachwa wazi, mengine yamefunikwa yasikauke. Yaliyofunikwa yaliota ngozi mpya kwa karibu mara mbili ya kasi. Sababu si ngumu. Ngozi mpya hutambaa kutoka pembezoni kuelekea katikati, na juu ya unyevu hutambaa kwa urahisi. Ikikuta ganda gumu inabidi ipite chini yake. Basi funika kwa bandeji au kitambaa kilichofuliwa na kupigwa pasi, badilisha kila siku na kila kinapolowa au kuchafuka. Unyevu tunaousema si wa matope ya bonde la mboga. Anayekwenda kumwagilia kabichi avae buti.

Na anayefuga nyuki atatuuliza kuhusu asali. Asali huzuia bakteria kweli: sukari yake nyingi huwanyonya maji, na ndani yake kuna kemikali nyingine zinazowaua. Hospitali zinazoitumia hutumia asali iliyosafishwa kwa ajili ya vidonda. Ya kwenye chupa ya sokoni haijulikani imepita mikono mingapi.

Unga wa kapsuli

Tuseme wazi kuhusu desturi moja tunayoiona kila kijiji: kufungua kapsuli ya rangi mbili na kumwaga unga wake kwenye kidonda. Inaonekana ni akili, maana dawa ni ileile ya kuua bakteria, kwa nini isiwekwe walipo? Lakini unga wa kapsuli umetengenezwa uyeyuke tumboni, uingie kwenye damu, na damu iufikishe kidondani kutokea chini. Ukiumwaga juu unashikana na majimaji, unakuwa tope, kisha tofali. Juu unaona pamekauka, unafurahi. Chini ya tofali hilo usaha unaendelea na kazi bila mtu kuuona. Zaidi ya hapo, dawa za jamii ya penisilini zikigusa ngozi iliyochubuka zinaweza kuufundisha mwili kuzikataa, na siku utakapohitaji sindano yake kwa homa ya mapafu, mwili ukaja juu.

Tena kapsuli mbili ulizomwaga zimetoka kwenye dozi ya mtu. Mara nyingi ni dozi ya mtoto aliyeambiwa anywe siku tano akanywa tatu.

Tyubu si zote ndugu

Asidi ya fusidiki, iliyotoka Denimaki miaka ya 1960, inamzuia fundi yuleyule lakini mahali pengine: inaganda kwenye chombo kinachomsogeza hatua kwa hatua, asiweze kusonga. Gentamaisini humfanya fundi asome ramani vibaya, akajenga protini mbovu. Neomaisini ni ndugu yake, nayo ina sifa ya kuwapa baadhi ya watu muwasho na vipele, wakadhani kidonda kimezidi na kuipaka zaidi. Tetrasaikilini ya macho iache kwa ajili ya macho. Ile krimu nyeupe ya kuungulia ina madini ya fedha pamoja na salfa. Haifai kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi miwili, kwa mama aliye karibu kujifungua, wala kwa mtu anayedhurika na dawa za salfa. Moto ukikuunguza, kabla ya krimu yoyote mimina maji ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Dawa tunayoihofia kuliko zote hizo ni krimu ya mchanganyiko. Inauzwa kwa bei nafuu na husifiwa kuwa "inatibu kila kitu cha ngozi". Soma nyuma ya boksi: ukikuta majina matatu, moja likianza na Gentamicin, la pili Clotrimazole, na la tatu Betamethasone au Clobetasol, ndiyo hiyo. Ya kwanza ni ya bakteria, ya pili ni ya fangasi, ya tatu si ya mdudu yeyote. Inatuliza askari wa mwili wako. Muwasho unakwisha usiku uleule, uvimbe unanywea, na mtu anasema amepona, wakati kilichotokea ni kwamba walinzi wamelazwa. Fangasi wa choa au mapunye hutumia nafasi hiyo kutanuka, tena kwa sura iliyobadilika mpaka hata mganga anayeangalia baadaye anababaika. Ikipakwa wiki nyingi ngozi inakuwa nyembamba na kuchanika. Usoni mwa mtoto isipakwe bila daktari kusema.

Na kabla hujanunua chochote, hakikisha tatizo ni la bakteria. Upele unaowasha usiku nyumba nzima, katikati ya vidole na kiunoni, ni wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Dawa yao ni nyingine, na wote mnaolala pamoja mtibiwe siku moja. Tyubu ya antibaotiki hapo itatuliza mikwaruzo iliyoingia usaha, na wiki ijayo mtakuwa palepale.

Mahali ambapo tyubu haifiki kabisa

Msumari, mwiba mrefu au jino la reki likizama mguuni huacha tundu dogo lisilotoa damu nyingi, na watu hulidharau. Hapo ndipo pepopunda hupapenda. Mbegu za bakteria wake ziko kwenye udongo na kwenye samadi, yaani kwenye kila shamba la Usambara linalorutubishwa na mifugo. Humea mahali pasipo na hewa, ndani kabisa, na sumu yake husafiri kwenye mishipa ya fahamu mpaka taya linakaza na mgongo unapinda. Hakuna dawa ya kupaka inayozuia jambo hilo. Kinachozuia ni kuosha, kutoa uchafu na chanjo.

Watoto wetu huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na mama wajawazito huchanjwa kliniki. Mwanaume mtu mzima hana kliniki inayomwita. Wengi hawajaguswa na chanjo hiyo tangu utotoni, na katika hospitali nyingi za Afrika wanaume ndio wengi kati ya watu wazima wanaolazwa kwa pepopunda. Kwa hiyo baba, ukichomwa na msumari wa zizini, usiishie dirisha la duka la dawa. Nenda zahanati ukaulizie chanjo, siku hiyo au kesho yake, hata kama tundu limeshafunga.

Aliyeumwa na mbwa, paka au mnyama wa porini aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku ileile kwa ajili ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kichaa kikishaonyesha dalili hakina tiba.

Mwenye kisukari akiona kidonda mguuni, hata kidogo kama punje ya harage, na hata kama hakiumi, asijitibu. Kutokuuma ndiko kunakotisha, kwa sababu fahamu za mguu zimepungua. Vivyo hivyo kwa kidonda cha mtu yeyote kilichopita wiki mbili bila kuelekea kufunga. Homa, mitoki ya kinenani, michirizi inayopanda kutoka kidondani, maumivu makali kuliko ukubwa wa kidonda chenyewe, au ngozi inayogeuka nyeusi na kulegea: hizo ni dalili za kutafuta bodaboda usiku huohuo kwenda Hospitali ya Wilaya mjini Lushoto, wala si za kusubiri siku ya soko.

Bakteria nao hujifunza

Mwaka 1987, miaka miwili tu baada ya mupirosini kuanza kutumika Uingereza, wataalamu wa huko waliripoti stafilokoka ambao dawa hiyo haiwafanyi kitu. Tukirudi kwa fundi wetu, bakteria hao walikuwa wameajiri mpakiaji wa pili, mwenye mikono ya umbo jingine, asiyedanganyika. Na ujuzi huo bakteria hugawiana kama majirani wanavyogawiana mbegu.

Nyuzilandi walipata somo la bei ghali. Kuanzia mwaka 1991 waliruhusu mupirosini iuzwe bila cheti. Watu wakaipaka kwa kila mchubuko, na usugu ukapanda mwaka hadi mwaka mpaka serikali ikarudisha sharti la cheti mwaka 2000. Madaktari wakahamia asidi ya fusidiki, nayo ikatumika kwa wingi uleule, na usugu wake ukapanda pia. Nchi ile ina maabara karibu kila mji na iliona tatizo mapema. Hapa kwetu zahanati nyingi za milimani haziwezi kuotesha usaha kujua dawa gani bado inafanya kazi. Tutajua tu kwa kuona vidonda havisikii dawa.

Tanzania imekuwa na mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea tangu mwaka 2017, na wengi wenu mmesikia redioni tangazo la Wizara ya Afya la Holela-Holela Itakukosti. Linazungumzia vidonge na sindano, na linahusu tyubu vilevile.

Ukienda Duka la Dawa Muhimu, mtoa dawa aliye pale amepitia mafunzo, lakini hawezi kukusaidia kwa neno "nipe ya kidonda" tu. Mwambie kimetokana na nini, kina siku ngapi, umeshapaka nini, na kama kuna kisukari, mimba au dawa inayokudhuru. Mwonyeshe kidonda chenyewe. Kama ni cha mtoto aliyebaki nyumbani, mpige picha kwa simu mchana penye mwanga. Angalia tarehe ya mwisho kwenye mkunjo wa tyubu kabla hujalipa. Ukipaka, dawa itoke kwenye tyubu iingie kwanza kwenye kitambaa safi au kidole kilichonawa, mdomo wa tyubu usiguse kidonda. Mupirosini ya mafuta isipakwe kwenye eneo kubwa lililoungua au lililochubuka, kwa sababu mafuta yake yenyewe yakinywewa kwa wingi yanaweza kulemea figo. Isipakwe machoni. Kila mgonjwa awe na tyubu yake, ikae mbali na jua na mafiga, na iliyobaki kidonda kikishafunga isihamishiwe kwa jirani.

Asiye karibu na zahanati anaweza kupiga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, akaeleza dalili na kuuliza aende wapi.